Isnadi ya Matini: Uhakiki wa Maingizo Mengi na Ugeuzaji wa Mfululizo katika XSLT kwa Mhariri wa Tungo za Kale

1. Suala lenyewe

Kila mwalimu wa ushairi wa kale wa Kiswahili huwapa wanafunzi wake ukurasa uliokwisha kupigwa chapa, nao huupokea kana kwamba umetoka moja kwa moja kinywani mwa mtunzi. Mambo sivyo yalivyo. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi yapata mwaka 1776 hadi 1840, zilikaa kwanza katika ndimi na vifua vya watu. Baadaye Mwalimu Sikujua alizikusanya na kuziandika akishirikiana na W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Mombasa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Karatasi za Taylor ziliishia London. William Hichens akazitumia kutoa Diwani iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, chenye tungo, tafsiri na maelezo ya historia. Baina ya kinywa cha Muyaka na jicho la msomaji wa leo pana mikono kadhaa, na hapana mkono hata mmoja uliopokea na kupokeza bila ya kugeuza neno, herufi au mpangilio.

Siku hizi umeongezeka mkono mwingine, nao ni wa kompyuta. Mhariri anayetayarisha toleo la kidijitali la utenzi au diwani huziandika nakala zake kwa alama za XML, mara nyingi akifuata Miongozo ya TEI, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1987 na toleo lake la tano, liitwalo P5, likatoka mwaka 2007. Kwa alama hizo huonyesha ubeti unapoanza, mshororo unapokoma, na mahali ambapo nakala moja hutofautiana na nyingine. Kisha, ili apate ukurasa wa kusomwa na watu, huzipitisha alama hizo katika lugha ya ugeuzaji iitwayo XSLT.

Makala haya yanakusudia kuihakiki lugha hiyo kwa upande wa mambo mawili: namna inavyopokea maingizo mengi kwa pamoja, na namna inavyounganisha ugeuzaji mmoja na mwingine hata ukawa mnyororo. Mambo haya huhesabiwa kuwa ni ya mafundi, na wataalamu wa lugha huwaachia mafundi. Sisi twaona kwamba ni ya mhakiki kwanza. Kuamua hatua ipi itangulie na ipi ifuate ni kuamua mtunzi alisema nini. Na toleo lisiloeleza mpangilio wa hatua zake limemnyima msomaji njia ya kulipinga.

2. XSLT ni chombo cha namna gani

XSLT ilitangazwa rasmi na shirika la W3C mwezi wa Novemba 1999, mhariri wake akiwa James Clark. Toleo la pili lilitoka mwaka 2007 na la tatu mwaka 2017, yote mawili yakihaririwa na Michael Kay. Lugha hii huisoma hati ya XML kama mti wenye shina, matawi na majani, ambapo kila sehemu huitwa nodi. Mwandishi wa programu huweka violezo. Kila kiolezo hueleza kwamba nodi ya namna fulani ikikutwa, itolewe kitu fulani. Kutokana na mti wa kwanza hujengwa mti mwingine.

Sifa moja ya chombo hiki yastahili kutajwa mapema, kwa kuwa yaafikiana na adabu ya kazi yetu. Programu ya XSLT huusoma mti uliopewa bila ya kuubadilisha. Tokeo huwa ni mti mpya, na ule wa zamani hubaki kama ulivyokuwa. Hata jina lililokwisha kupewa thamani halipewi thamani nyingine baadaye mahali pale pale. Wahariri wa zamani walioshika kalamu na kifutio hawakuwa na kizuizi hicho, na twajua kwamba baadhi ya miswada imeandikwa juu yake masahihisho ambayo leo ni taabu kuyatenga na maandishi ya awali. Kwa upande huu XSLT ina heshima ya asili kwa matini inayopewa, na makosa tutakayoyataja hayatokani na lugha yenyewe bali na jinsi inavyotumiwa.

3. Maingizo mengi si mashahidi wengi

Kwa kawaida programu ya XSLT huanza na hati moja. Hata hivyo tangu toleo la kwanza palikuwa na njia ya kuita hati nyingine kwa jina lake, na toleo la pili likaongeza njia ya kuita mkusanyo mzima wa hati kwa mara moja. Toleo la tatu lilileta amri ya xsl:merge, ambayo huchukua mifululizo kadhaa iliyopangwa kwa ufunguo mmoja na kuiunganisha. Mhariri mwenye nakala nne za utendi mmoja aweza basi kuziweka zote mbele ya programu na kuagiza kwamba beti zinazolingana ziwekwe pamoja.

Swali la kwanza ni hili: beti zinalingana kwa kigezo gani? Jibu jepesi ni nambari, yaani ubeti wa kumi wa nakala hii na ubeti wa kumi wa nakala ile. Jibu hilo halifai. Wanakili hurukwa na beti, huongeza beti, na huzipanga kwa taratibu mbalimbali. Ubeti mmoja ukikosekana katika nakala ya pili, kila ubeti unaofuata utapewa mwenzi asiye wake, na programu haitalalamika hata kidogo, kwa maana imetii ilichoagizwa. Mhariri hana budi kutafuta ufunguo ndani ya ubeti wenyewe. Katika utenzi ufunguo huo wapatikana. Vipande vitatu vya kwanza huwa na kina chao, kinachobadilika ubeti kwa ubeti, na kipande cha nne hushika kina cha bahari kinachodumu hadi mwisho. Kina cha vipande vitatu, pamoja na maneno ya mwanzo ya kipande cha kwanza, hutosha mara nyingi kuutambulisha ubeti popote ulipohamishiwa.

Lakini hapa pana mtego wa pili. Amri ya xsl:merge hutaka mifululizo iwe imepangwa kwa ufunguo kabla ya kuunganishwa. Isipopangwa, kazi husimama kwa kosa, au mhariri huiagiza programu iipange yenyewe kwanza. Kupanga huko huvunja utaratibu wa mswada, na utaratibu wa mswada ni ushahidi. Mnakili aliyeweka dua mwishoni badala ya mwanzoni ametuambia jambo juu ya matumizi ya utenzi ule katika zama zake. Kwa hiyo, kabla ya hatua yoyote nyingine, kila ubeti wapaswa uandikiwe mahali pake: nakala gani, ukurasa gani, nafasi ya ngapi. Alama hiyo isafiri na ubeti hadi mwisho wa mnyororo. Hatua hii haina fahari yoyote na kuiandika ni kazi ya mistari michache tu. Ikiachwa, hakuna hatua ya baadaye iwezayo kuirudisha.

Mtego wa tatu ndio mkubwa kuliko yote. Nakala zikiisha kuwekwa pamoja, mhariri hushawishika kuamua kwa wingi wa kura: nakala tatu zikisoma hivi na moja ikisoma vile, tatu zishinde. Programu hufanya hesabu hiyo kwa urahisi mno. Lakini yatupasa tukumbuke Muhamadi Kijuma wa Lamu, msanii na mwandishi hodari, aliyewanakilia tungo wataalamu kadhaa wa Ulaya, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Nakala mbili zenye hati ya mkono mmoja, hata zikiwa leo katika maktaba mbili zilizo mbali, zaweza kuwa shahidi mmoja aliyesema mara mbili. Kompyuta huona faili mbili, ikahesabu mbili.

Wanazuoni wa hadithi waliutambua ugumu huu karne nyingi zilizopita. Hawakuridhika kuhesabu mapokezi. Waliuliza kila pokezi limepitia kwa nani, na mapokezi mengi yakikutana kwa mpokezi mmoja waliyahesabu kuwa yategemea mtu huyo mmoja. Elimu hiyo ya isnadi haikuwa ngeni Lamu wala Mombasa, na watunzi wengi wa tendi walilelewa ndani yake. Ni ajabu kwamba twazihariri tungo zao kwa kanuni iliyo legevu kuliko ile ambayo wao wenyewe wangeikubali. Dawa yake katika XSLT si ngumu. Nasaba ya nakala huandikwa katika hati ya pekee, nayo ikawa ingizo mojawapo miongoni mwa maingizo. Programu ikikuta usomaji, huuliza kwanza katika hati hiyo mashahidi wake ni wa ukoo gani, ndipo ihesabu. Hapo ndipo maingizo mengi yanapokuwa na faida ya kweli: mswada na ujuzi wetu juu ya mswada huja mbele ya programu kila kimoja kwa hati yake, bila ya kuchanganywa.

4. Hatua ipi itangulie

Sasa tuje kwenye mnyororo. Tuseme mhariri ana hatua nne za kufanya: kuhawilisha herufi za Kiarabu kuwa za Kilatini, kulinganisha nakala, kusanifisha tahajia na lahaja kwa ajili ya msomaji wa leo, na kukagua vina na mizani. Katika XSLT kila hatua huandikwa peke yake, na tokeo la moja huwa ingizo la nyingine. Kupanga upya hatua hizo ni jambo la dakika chache, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kwamba mpangilio hauna uzito. Tutaonyesha kwa mifano kwamba una uzito wa kumtia mtunzi hatiani.

Chukua kwanza usanifishaji ukitangulia ukaguzi wa vina. Mtunzi wa Lamu ana kina cha "to", na vipande vyake vitatu vyaishia kwa maneno "mito", "wito" na "mato". Vina vyake vimetimia. Programu ya usanifishaji hugeuza "mato" kuwa "macho", kama ilivyoagizwa. Hatua inayofuata hukagua vina na kutoa taarifa: kina kimevunjika. Vivyo hivyo "tinda" iliyopangwa na "linda" na "kinda" ikigeuzwa kuwa "chinja" huonekana kuwa ni kosa la mtunzi. Mwanafunzi anayesoma taarifa hiyo ataandika katika tasnifu yake kwamba mtunzi hakuwa mwangalifu katika vina. Kosa hilo lilizaliwa baina ya hatua ya pili na ya tatu ya programu, na mtunzi amekwisha kufa, hawezi kujitetea.

Chukua pili usanifishaji kwa kanuni za herufi. Fundi aliyeambiwa kwamba "ndia" ni "njia" na "ndoo" ni "njoo" aweza kuandika kanuni fupi: kila "nd" iwe "nj". Kanuni hiyo itageuza "ndani" kuwa neno lisilokuwapo. Na aliyeambiwa kwamba "mato" ni "macho", akaagiza kila "t" iwe "ch", atageuza "mti" kuwa "mchi", na hapo hata jicho kali laweza kudanganyika, kwa kuwa mchi ni neno halali lenye kazi yake kinuni. Kosa litoalo neno lisilokuwapo hujifichua lenyewe. Litoalo neno jingine la Kiswahili hudumu miaka. Usanifishaji basi hauna budi kufanywa kwa neno, kutokana na orodha iliyotungwa na mjuzi wa lahaja, na orodha hiyo nayo iwe ingizo la pekee linaloweza kusomwa na kusahihishwa na watu wasiojua kuandika programu.

Hata hivyo, kuchelewesha usanifishaji hadi mwisho nako kuna taabu yake. Tukilinganisha nakala za Kiamu na za Kimvita kama zilivyo, kila tofauti ya lahaja na kila desturi ya tahajia ya mnakili itaandikwa kuwa ni tofauti ya usomaji, na zile tofauti chache zenye kugeuza maana zitapotea katika wingi huo kama sindano ndani ya majani. Kila upande una haki yake. Ufumbuzi ni kuifanya hatua ya usanifishaji izae tabaka la pembeni badala ya kufuta neno la awali: kila neno libaki kama lilivyo katika mswada, na kando yake liwekwe umbo la kulinganishia. Ulinganishaji utumie umbo la pembeni. Ukaguzi wa vina utumie umbo la mswada. Ukurasa wa wanafunzi utumie lolote litakalochaguliwa. Miongozo ya TEI ina alama za kubeba maumbo mawili mahali pamoja, na XSLT huzisoma bila ya shida.

Kuhusu hatua ya kuhawilisha hati, hiyo ndiyo inayofichua mpaka wa chombo hiki. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi moja kwa b, p na mb, hawakutenga f na v, na irabu za e na i, kadhalika o na u, ziliandikwa kwa alama zile zile. Neno moja la mswada laweza basi kuwa "bata", "pata" au "mbata". Hakuna kanuni ya herufi itakayotuchagulia. Huchagua muktadha, na muktadha husomwa na mtu. Programu yaweza kuorodhesha njia zote za kulisoma neno, lakini isiruhusiwe kuchagua mojawapo kimya kimya na kuendelea na safari. Mahali penye shaka pabebe alama ya shaka mpaka mwisho wa mnyororo, na jina la aliyeamua liwekwe hapo.

5. Hatua zilizofichika

Historia ya XSLT yenyewe ina funzo katika jambo hili. Katika toleo la mwaka 1999, tokeo la hatua moja lililowekwa ndani ya programu halikuweza kusomwa tena kama mti na hatua iliyofuata, isipokuwa kwa viongezo vya watengenezaji mbalimbali. Kwa hiyo watu wengi waliiendesha kila hatua peke yake, wakaandika faili ya katikati, kisha wakaipeleka kwa hatua ya pili. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Toleo la mwaka 2007 liliondoa kizuizi hicho: mti wa katikati hujengwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, ukasomwa, kisha ukaachwa. Hatua tano hupita katika pumzi moja na kinachobaki ni ukurasa wa mwisho.

Mafundi walishangilia, nao walikuwa na haki. Lakini mhakiki ana hasara ya kuihesabu. Zile faili za katikati zilizokuwa zikichosha zilikuwa pia kumbukumbu za kazi. Aliyeutilia shaka ukurasa wa mwisho aliweza kurudi nyuma faili kwa faili hadi akakuta mahali ambapo "mato" yaligeuka kuwa "macho". Katika mnyororo wa kisasa mahali hapo hapaonekani, ila kwa yule mwenye programu na ujuzi wa kuisoma. Tumerudi basi katika hali ile ile ya ukurasa wa chapa usiotaja mikono iliyoushika.

Hata hivyo hakuna sababu ya kuvumilia hali hiyo. Toleo lile lile la mwaka 2007 lina amri ya xsl:result-document, iwezeshayo mwendo mmoja wa programu kutoa hati nyingi. Kila hatua yaweza kutunza tokeo lake pembeni huku kazi ikiendelea. Tena ipo lugha ya XProc, iliyotangazwa na W3C mwaka 2010, ambayo kazi yake hasa ni kueleza mnyororo: hatua zipi, kwa utaratibu upi, ingizo la kila moja latoka wapi na tokeo lake laenda wapi. Maelezo hayo nayo ni hati ya XML, na aweza kuyafuata msomaji makini asiyekuwa fundi. Twathubutu kusema kwamba hati ya namna hiyo ndiyo isnadi ya toleo la kidijitali.

6. Pingamizi na pendekezo

Huenda mtu akasema kwamba tunamtwisha mhariri mzigo mzito, na kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hataki isnadi, ataka ubeti anaoweza kuusoma. Pingamizi hilo lina ukweli. Ukurasa safi, wenye tahajia ya kisasa na sherehe ya maneno magumu, una nafasi yake darasani, na hatusemi uondolewe. Tunalosema ni kwamba ukurasa huo ni tokeo mojawapo tu la kazi, nao usiitwe matini ya Muyaka au ya Mwana Kupona bila ya kueleza umefikaje hapo. Gharama ya kutoa matokeo mengine pamoja nao, katika chombo hiki, ni ndogo mno kuweza kuwa udhuru.

Mwingine atasema kwamba hata XSLT ina mipaka, na kwamba kulinganisha nakala ambazo maneno yake yamehamahama ni kazi inayofanywa vizuri zaidi na programu zilizoundwa kwa ajili hiyo, kama vile CollateX. Twakubali. Programu hiyo iwe kiungo kimoja katika mnyororo, tokeo lake litunzwe kama mengine, na itajwe kwa jina na toleo.

Pendekezo letu ni la mambo manne. Kwanza, kila nakala iingie katika kazi kama ilivyo, na kila ubeti ubebe alama ya mahali pake kabla ya kupangwa au kuunganishwa. Pili, nasaba ya nakala na orodha ya maneno ya lahaja ziwe hati za pekee, zikisomwa na programu badala ya kufichwa ndani yake. Tatu, hapana hatua itakayofuta umbo la awali. Usanifishaji uongeze tabaka, na ukaguzi wa vina na mizani ufanywe juu ya umbo la mswada. Nne, matokeo ya hatua zote na maelezo ya mnyororo mzima yachapishwe pamoja na toleo.

Jambo la mwisho lahusu idara zetu. Miswada mingi ya tungo za pwani imehifadhiwa London, Hamburg na Dar es Salaam, na wanafunzi wetu wengi huijua kwa picha na kwa matoleo ya watu wengine. Mwanafunzi wa Nairobi au Mombasa anayepewa ukurasa wa mwisho pekee hana la kufanya ila kuamini. Akipewa hatua zote, orodha ya lahaja na nasaba ya nakala, ataweza kumwendea bibi yake Lamu au Siyu, amuulize kama neno hili husemwa hivyo, arudi na kusahihisha orodha, kisha aendeshe mnyororo upya na kuona ni beti zipi zimebadilika. Kazi hiyo twaweza kuianza muhula ujao kwa utendi mmoja mfupi na nakala mbili.